Kidole Kimoja Hakivunji Chawa

Mazungumzo kwa wafugaji wa Isiolo juu ya upele na chawa wa punda na ngamia



Kila mtu wa Isiolo ajua kazi ya punda na ngamia. Punda huchukua maji, kuni na mizigo ya sokoni. Naye ngamia hutoa maziwa hata wakati wa ukame ng'ombe wakiisha kukauka, na maziwa hayo husafirishwa mpaka Eastleigh, Nairobi. Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru hukutana katika mji huu, na wanyama wao hukutana vile vile: malishoni, visimani na ukingoni mwa mto Ewaso Nyiro. Lakini penye mkutano wa wanyama wengi ndipo penye hatari ya ugonjwa, na leo maneno ni juu ya magonjwa ya ngozi.

Kwanza yafaa kutofautisha upele na chawa. Chawa hukaa juu ya ngozi katikati ya manywele, na mtu mwenye macho mazuri aweza kumwona, pamoja na mayai yake meupe yaliyonata katika manywele ya shingo ya punda. Chawa wa punda hamwingii mwanadamu, wala haishi siku nyingi akianguka chini. Upele ni jambo jingine. Huletwa na mdudu wa jamii ya utitiri, mdogo hata jike lake halifiki nusu ya milimita. Mdudu huyo huchimba njia ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Mayai huanguliwa kwa siku chache, na katika muda wa majuma mawili au matatu watoto wamekwisha kuwa wazima, nao huanza kutaga.

Dalili za upele si za kufichika kwa mchungaji aliye macho. Ngamia hujisugua katika miti na kujiuma. Ngozi laini ya kichwa, shingo, makwapa, kinena na kiwele huanza kuwa nyekundu, kisha manywele hunyonyoka. Akiachwa, ngozi huwa nene, hukunjamana na kupasuka. Mnyama hukosa raha ya kula, hukonda, na maziwa hupungua. Na ndama anyonyaye huweza kufa. Tena watu wanaomkama au kumtunza huweza kuwashwa mikononi na tumboni. Mtu wa namna hiyo na aende hospitali. Lakini ngamia wakiachwa bila kutibiwa, atawashwa tena.

Je, upele hupitaje? Hupita kwa kugusana, hasa wanyama wakisongamana zizini na kisimani. Tena hupita kwa vitu: matandiko, kamba, magunia ya mgongoni, na hata mti ule ule unaosuguliwa na kila mnyama apitaye, kwa maana mdudu huweza kuishi siku kadhaa nje ya mwili. Basi mtu aazimaye matandiko ya jirani huenda ameazima na upele.

Wako wanaosema ya kuwa upele ni laana, au ni alama ya uchafu wa mwenye mnyama. Hayo si kweli, nayo huleta hasara kubwa. Mama muuza maziwa huogopa kusema kwamba ngamia wake ana upele, asije akapoteza wanunuzi. Mwenye punda mmoja huogopa kukatazwa malisho. Kila mmoja huficha, na wakati wanaficha, mdudu hafichi kitu: yeye huendelea na safari yake kutoka ngozi hata ngozi.

Chukueni mfano wa mtu mwenye punda wanne wanaochungwa na punda wa jirani. Mmoja akapata upele, naye akamtibu huyo mmoja tu, akaona fedha imetosha. Baada ya mwezi upele umerudi, akalaumu dawa. Dawa haikuwa na kosa. Wale watatu walioonekana wazima walikuwa tayari na wadudu wachache, na punda wa jirani vile vile. Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa. Na katika habari hii maneno hayo ni kweli tupu.

Basi mambo ya kufanya ni haya. Mnyama mwenye dalili atengwe mara moja. Aitwe afisa wa mifugo, ahakikishe kama ni upele, chawa au ugonjwa mwingine. Kisha wanyama wote wa jinsi moja wanaotumia malisho hayo watibiwe siku moja, wenye dalili na wasio na dalili. Zamani watu walitumia kiberiti cha unga kilichochanganywa na mafuta. Tangu mwaka 1981 kumekuwako dawa iitwayo ivamektini, ambayo wagunduzi wake, William Campbell na Satoshi Ōmura, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini dawa hiyo haiui mayai. Kwa hiyo hapana budi kurudia baada ya majuma mawili. Asiyerudia amefanya nusu ya kazi, na nusu hiyo hupotea. Kipimo kifuate uzito wa mnyama, kwa sababu dawa pungufu huwafundisha wadudu kuizoea. Tena dawa huingia katika maziwa. Maziwa hayo yasinywewe wala kuuzwa mpaka siku alizoagiza daktari zitimie. Matandiko na kamba zioshwe na kuanikwa juani.

Na yako mambo mawili ya kukatazwa kabisa. La kwanza, mafuta machafu ya motokaa yasipakwe mnyama. Yana sumu, nayo huunguza ngozi iliyokwisha kuumia. La pili ni kubwa zaidi: dawa ya kupe iitwayo amitrazi, ifaayo kwa ng'ombe, isinyunyizwe punda wala farasi. Huzuia matumbo yao kufanya kazi, na mnyama huweza kufa. Mtu asimalizie punda wake dawa iliyobaki ya ng'ombe akidhani anaokoa fedha.

Limebaki swali moja gumu. Kama wote watibu siku moja, maskini mwenye punda mmoja na asiye na fedha atafanyaje? Jibu ni kwamba jirani zake wamchangie. Hiyo si sadaka tu. Mwenye ngamia ishirini akimwacha jirani na ngamia mmoja mwenye upele, atanunua dawa mwaka huu, na mwaka ujao atanunua tena. Fedha ya kumtibu ngamia wa jirani ni ndogo kuliko hiyo. Na mwenye mnyama mgonjwa akijua ya kuwa atasaidiwa wala hatafukuzwa, hatakuwa na sababu ya kuficha.

Basi wazee wa kila kisima na wapatane siku, wamwite afisa wa mifugo, na kila mtu alete wanyama wake wote. Kisha wapatane siku ya pili, baada ya majuma mawili, kabla hawajatawanyika.