Kisima cha Zimamoto Ndani ya Uzio: Nani Anakifungua?

Masumbwe ni mji wa barabarani. Malori ya njia ya Isaka hadi Lusahunga hupita usiku na mchana kuelekea Rwanda na Burundi, matangi ya mafuta yakiwemo. Kandokando ya lami kuna vituo vya mafuta, maghala ya mpunga, nyumba za wageni, na karakana za wachimbaji wadogo zenye jenereta na madumu ya dizeli. Moto ukishika hapa, mwenye mali atapiga 114, kisha atasubiri.

Gari la zimamoto likifika, hesabu yake ni fupi. Tangi la lita 5,000 likimwaga lita 1,000 kwa dakika, maji yamekwisha baada ya dakika 5. Hata Soko la Kariakoo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021 katikati ya jiji lenye vituo vya zimamoto. Mji kama Masumbwe, wilayani Mbogwe, utajitetea kwa maji yaliyopo ndani ya uzio, au hautajitetea.

Ndiyo maana mada hii inahusu visima vya kuzimia moto vya watu binafsi: yale mabomba mekundu ambayo askari wa zimamoto huungia mipira yao. Sheria ya Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 inalipatia Jeshi la Zimamoto na Uokoaji mamlaka ya kukagua majengo, na mwenye jengo hulipia ukaguzi huo. Lakini mkaguzi huja siku moja. Siku nyingine zote kisima ni mali ya mwenyewe, na kutu haijui cheti cha ukaguzi.

Mwongozo wa Marekani uitwao NFPA 25 unataka kisima cha binafsi kikaguliwe kila mwaka na kila baada ya kutumika. Kifunguliwe kabisa, maji yatoke kwa dakika moja au zaidi hadi yawe safi. Anayefanya hivyo kwa mara ya kwanza baada ya miaka hushtuka: hutangulia tope jekundu, kisha changarawe, ndipo maji. Uchafu huo ndio ungeziba mpira siku ya moto. Koki ifunguliwe taratibu na kufungwa taratibu zaidi, kwani ikifungwa ghafla maji hurudi kwa kishindo na kupasua bomba la chini. Grisi ipakwe kwenye mhimili wa koki na nyuzi za vizibo. Spana ya kukifungulia kisima isifungiwe stoo ambayo ufunguo wake uko kwa meneja aliyesafiri Mwanza.

Vizibo vya shaba vinahitaji jicho la pekee, maana wanunuzi wa vyuma chakavu hawakosekani.

Kuna jambo dogo linaloangusha wakubwa. Mnamo Februari 1904, katika mji wa Baltimore, Marekani, majengo zaidi ya 1,500 yaliteketea. Vikosi vilivyotoka miji ya jirani vilifika, lakini viungio vya mipira yao havikuingia kwenye visima vya mji huo. Mwekezaji anayeagiza vifaa kutoka nje kwa bei nafuu anaweza kujijengea Baltimore yake hapa hapa. Kabla ya kulipa, amwite askari wa zimamoto aje na mpira wake, auunge, maji yatoke.

Wenye vituo, maghala na karakana waandike kwa rangi kwenye kila kisima tarehe kilipofunguliwa mara ya mwisho, na jina la mtunza spana.