Spika Ndogo na Sauti ya Besi
(Mazungumzo kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kibiti)



Kaka zetu kadhaa wanastaafu, na wanataka kumsikiliza Mbaraka Mwinshehe nyumbani kwa utulivu. Kiinua mgongo hakitolewi mara mbili, kwa hiyo naomba tushauriane.

Uzi mzito kabisa wa gita la besi hutetemeka mara 41 kwa sekunde. Spika ndogo yenye koni ya inchi 5 mara nyingi huishiwa nguvu kabla ya kufika huko. Baadhi hutengenezwa zivume zaidi kwenye mitetemo 80 hadi 100, ili dukani zionekane zina besi.

Basi, kwanza, pigeni wimbo mmoja kwenye spika zote kwa sauti iliyo sawa, maana yenye kelele zaidi hulidanganya sikio. Pili, lifuateni gita la besi noti kwa noti. Kila noti ikijitenga, hiyo ni besi; zote zikivuma namna moja kama pipa, hiyo ni kelele tu.

Tatu, fikirini itakapokaa. Spika ikisogezwa ukutani besi huongezeka. Pembeni mwa chumba huzidi. Ukuta wa matofali hapa Kibiti huirudisha sauti nzito ndani. Nyumba ya miti na makuti kule Delta huiachia itoke. Iliyomfaa mmoja huenda isimfae jirani yake.

Wazee wetu huipasha ngoma moto, wakaijaribu, ndipo wakaipeleka uwanjani. Nasi tusilipe kabla ya kusikiliza.