Maji ya mvua yataenda wapi? Neno letu kwa wakaaji wa Misisi



Leo tunaongea juu ya mifereji. Tunajua wengi wenu mlingojea tuseme juu ya kazi, ao juu ya ile asilimia 0.3 ya mauzo ambayo Code ya migodi ya 2018 inalazimisha kampuni kutoa kwa maendeleo ya wakaaji. Ile ina siku yake. Mvua haingoje.

Tarehe 11 Septemba 2020, kule Kamituga, mto ulifurika na kuingia ndani ya mashimo. Wachimbaji karibu 50 walizikwa mule. Na usiku wa kuamkia tarehe 9 Mei 2025, Kasaba, hapa hapa katika sekta yetu ya Ngandja, maji yalishuka na mawe na matope watu wakiwa wamelala. Viongozi walitangaza vifo zaidi ya 100. Hatusemi Kasaba ni kosa la mgodi. Tunasema hivi: kama mlima ungali na miti unaweza kutufanyia vile, tukiuvua nguo itakuwaje?

Mtu akikata miti na kushindilia udongo kwa mashini, maji hayazame tena. Fanyeni hesabu. Mvua ya milimita 50 juu ya hekta 1 ni lita 500,000, ni kusema bidoni 25,000 za lita 20. Hiyo ni hekta moja tu. Kampuni haiombe hekta moja.

Njo maana, kampuni ikiomba permi ya kuchimba, sheria inaidai kwanza uchunguzi wa athari kwa mazingira na jamii, ule wanaoita EIES, na raia wanapaswa kuulizwa. Lakini kwa mikutano kama hiyo watu wanaongeleshwa juu ya shule na barabara, wanapewa soda, wanasaini karatasi ya mahudhurio. Ukurasa wa mifereji hakuna anayeufungua. Uko kwa Kifaransa, umejaa mistari na namba.

Sisi tunaomba tuufungue. Si lazima uwe enjenia. Weka kidole juu ya mfereji kwenye mchoro, ufuate mpaka mwisho. Mara nyingi mstari unakatika pale lupango ya kampuni inaishia, kama vile maji nayo yanasimama hapo! Chini ya lupango kuna nani? Kuna mto ambao wamama wanachotea, kuna mashamba ya mihogo, kuna nyumba. Tazama tena kama maji safi ya mlimani yanazungushwa pembeni, ao yanachanganyika na maji ya mgodi. Kama kampuni itatumia sianidi, maji yale lazima yawe na bwawa lake, na bwawa liwe na nafasi ya kubakia hata mvua ikizidi.

Kisha uliza: mmehesabu mvua gani? Watajibu «mvua ya miaka 10». Msidanganyike na jina. Maana yake, kila mwaka kuna nafasi 1 kwa 10 mvua ile ifike ao ipite. Mgodi ukikaa miaka 20, nafasi ya kupatwa angalau mara moja ni karibu 88 kwa 100. Kwa mvua ya miaka 100, inashuka mpaka karibu 18. Tofauti ile ni upana wa mfereji, ni feza, na mwenye kulala chini ya mlima njo anailipa.

Na nani atatoa matope ndani ya mifereji? Mfereji uliojaa si mfereji.

Tunadai mchoro ubandikwe kwenye ofisi ya sekta na uelezwe kwa Kiswahili, mbele ya permi kusainiwa. Wakatae, tutaandikia Agence Congolaise de l'Environnement, nakala kwa administrateur wa Fizi. Wakikubali, tutapanda wote mlimani na kamba ya kupimia. Wachimbaji, ninyi njo mnajua maji yanapita wapi usiku. Tunawahitaji mbele.