Kabla Hujampeleka Sungura Nyumbani



Leo sitaongea juu ya malaria wala dawa za kulevya. Nataka tuongee juu ya sungura. Msicheke! Nisikilizeni mpaka mwisho, mtaona kwamba sungura na afya yako wewe haviko mbalimbali.

Nilipokuwa na miaka 13, jirani yetu alihama akamwacha sungura wake, jike mweupe mwenye masikio meusi. Nilimchukua kwa furaha nikamwita Pamba. Nilimpa karoti, kabichi na ugali uliobaki. Asubuhi moja hakula. Nikajiambia, atakula mchana. Mchana alikuwa amejikunyata pembeni, kimya. Nikasema, ah, huyu kanuna tu. Alfajiri ya pili nilimkuta amekufa. Hakulia hata kidogo.

Ilinichukua miaka kujua kwamba Pamba aliniambia anaumwa, ila mimi sikujua lugha yake. Tumbo la sungura halitakiwi kusimama. Likisimama, gesi inajaa, maumivu yanazidi, na hawezi hata kutapika, kwa sababu sungura hatapiki. Kwa hiyo sungura aliyekaa nusu siku bila kula wala kutoa kinyesi, huyo ni mgonjwa wa dharura. Usingoje kesho.

Kwa nini halii? Kwa sababu porini yeye ni kitoweo cha wengine. Akionyesha udhaifu, analiwa. Sungura wa hadithi za bibi ni mjanja wa kuwashinda simba na fisi. Lakini yule ni sungura wa porini wa kwetu. Huyu wa bandani asili yake ni Ulaya, kule Hispania na Ureno, na ujanja wake ni mmoja tu: kuficha. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Basi wewe unayemfuga ndiye unayepaswa kumfichua mapema.

Siku hizi wapo vijana wanaopenda kumchukua mnyama aliyetupwa badala ya kununua. Ni jambo zuri sana. Uingereza, shirika la RSPCA, lililoanzishwa mwaka 1824, hupokea sungura wengi ambao wenyewe wamewachoka. Huwafunga kizazi, huwachanja, halafu humhoji anayetaka kuwachukua. Kenya tunalo KSPCA kule Nairobi, linalojulikana zaidi kwa mbwa, paka na punda. Lakini huku mtaani sungura wa kuokolewa mara nyingi ni kama Pamba: mwenyewe anahama, au mtoto amemchoka. Hapo hakuna wa kukuhoji. Basi jihoji mwenyewe.

Swali la kwanza: nitakuwa wapi miaka 10 ijayo? Sungura akitunzwa vizuri huishi miaka 8 hadi 12. Kama una miaka 15 leo, atakuwa nawe mpaka umalize shule na kuanza kazi. Ukienda bweni, nani atamlisha? Zungumza na wazazi kwanza. Usimlete kwa kushtukiza.

Swali la pili: atakula nini? Sahau karoti za kwenye picha. Karoti ni kama peremende kwake, kipande kidogo kinatosha. Chakula chake kikuu ni nyasi, mbichi na kavu, ziwepo usiku na mchana. Meno yake hayaachi kukua, na ni nyasi zinazoyasaga. Ongeza mboga za majani kidogo na maji safi kila siku. Usimpe parachichi wala majani yake, vitunguu, au mahindi yaliyoota ukungu. Ukimwona anakula kinyesi chake laini, usimkataze. Ndivyo anavyopata vitamini.

Swali la tatu: atalala wapi? Kizimba kidogo ni jela. Anahitaji nafasi ya kuruka na kusimama kwa miguu ya nyuma, na muda wa kukimbia nje kila siku mahali ambapo mbwa hafiki. Joto likipita nyuzi 30 ni hatari kwake, maana hatoi jasho kama sisi. Mlioko Mombasa au Dar, mwekeeni kivuli na hewa, na chupa ya maji ya barafu iliyofungwa kitambaa aegemee.

Swali la nne: ni dume au jike? Sungura hapendi upweke, wawili ni bora kuliko mmoja. Lakini dume na jike bila kufungwa kizazi, weee! Mimba ni siku 31 tu, na jike anaweza kupandwa tena siku ileile aliyozaa. Kabla mwaka haujaisha una banda zima, na wewe ndiye unayetafuta wa kumtupia. Muulize daktari wa mifugo kuhusu upasuaji huo. Kwa jike unamkinga pia na saratani ya mfuko wa uzazi, ambayo huwapata sana majike wanaozeeka bila kufungwa.

Sasa upande wako wewe. Kabla hujamchukua, mwangalie. Masikio yenye magamba ni dalili ya ukurutu. Manyoya yaliyonyonyoka kwa duara huenda ni choa, na choa hukuambukiza. Nawa mikono kwa sabuni kila ukimshika au ukisafisha banda. Akikuuma au kukukwaruza, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni, halafu nenda zahanati uulize kuhusu chanjo ya pepopunda. Usimwinue kwa masikio hata siku moja. Mkono mmoja kifuani, mwingine chini ya makalio, maana akipiga teke hewani anaweza kuvunjika mgongo.

Na hili naomba ulishike sana: usimpe dawa zilizobaki nyumbani. Amoksilini ya kumeza, ambayo wengi wetu tunaijua, inaweza kumuua sungura kwa kuharibu vijidudu vyema vya tumboni mwake. Na wewe pia usimeze dawa zilizobaki za mwenzako. Dawa ni ya mgonjwa aliyepimwa, basi.

Ukiona hujaweza kujibu maswali haya, hakuna aibu. Unaweza kusaidia kwa njia nyingine. Mfundishe jirani kumlisha nyasi, au kata nyasi umpelekee. Kusema "bado siwezi" ni bora kuliko kumchukua halafu kumtupa mara ya pili.

Nimalizie hivi. Baada ya Pamba nilijifunza kuwaangalia walionyamaza. Darasani kwenu huenda yuko rafiki ambaye zamani alikuwa anacheka, sasa hali vizuri, anakaa pembeni, na ninyi mnasema amenuna. Muulize leo. Usiseme kesho. Kama ana jambo zito, mwende pamoja kwa mwalimu mnayemwamini, mzazi au zahanati. Na kama ni wewe uliyejikunyata pembeni, sema. Wewe si sungura, mdomo unao.