Kishikwambi kama Kompyuta Kuu ya Mwalimu katika Uandishi wa Kila Siku

Mada kwa ajili ya semina ya Maafisa Elimu Kata, walimu wakuu na walimu wa taaluma

1.0 Utangulizi

Barua ya mwaliko ilinitaka nieleze maana ya kishikwambi, historia yake, faida, changamoto na mapendekezo, kwa mpangilio huo. Mpangilio nitaufuata, ila sehemu za mwanzo nitazipita mbio, maana kila aliyemo ukumbini anacho kishikwambi, na baadhi yenu mnakitumia sasa hivi ninapozungumza.

Yaliyomo humu ni mawazo yangu kama mkufunzi wa TEHAMA katika chuo cha ualimu. Si msimamo wa chuo wala wa mwajiri wangu, na pale nitakapogusa kasoro za utaratibu sikusudii kumnyooshea kidole mtu au ofisi yoyote.

2.0 Maana na historia

Kishikwambi ni kompyuta bapa ya kugusa, kubwa kuliko simu, isiyo na kibodi ya kudumu. Microsoft ilianza kusukuma kompyuta za namna hii zenye Windows mwaka 2002, hazikuenea sana. Apple ilipotoa iPad mwaka 2010, yenye uzito wa gramu 680, dunia ikageuka. Samsung ikafuata mwaka huohuo na Galaxy Tab ya Android. Hapa Tanzania walimu wengi walivipata baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani vilipogawiwa kwao.

Historia hiyo yatosha. Lililo na uzito ni kwamba ushauri mwingi tunaosoma kuhusu vifaa hivi uliandikwa kwa mtu mwenye kompyuta mbili. Anaambiwa aanze rasimu kwenye kishikwambi akiwa safarini, kisha amalizie kwenye laptopu akifika nyumbani. Mwalimu wetu hana hiyo laptopu ya nyumbani. Andalio la somo, azimio la kazi, jaribio la mwezi, muhtasari wa kikao na barua kwa mzazi, vyote vinaanzia na kuishia kwenye skrini ileile ya inchi nane au kumi.

3.0 Je, kinatosha kuandikia?

Kinatosha. Nasema hivyo bila kusita, kwa sababu semina nyingi hupoteza asubuhi nzima kwenye swali hili. Andalio la somo la kurasa mbili halihitaji mashine kubwa. Betri hukaa muda mrefu kuliko ya laptopu nyingi, jambo lenye maana palipo na umeme wa kubahatisha, na Word ya Microsoft inaruhusu kuhariri bila malipo kwenye skrini isiyozidi inchi 10.1. Atakayenunua kishikwambi kikubwa zaidi kwa fedha zake ajue kwamba juu ya kipimo hicho ataombwa usajili wa kulipia. Wauzaji huwa hawalisemi.

Tatizo la vidole ni la kweli lakini lina dawa. Kibodi ya skrini hula karibu nusu ya ukurasa, mwandishi akabaki anaona mistari michache tu ya kazi yake. Kibodi ya nje, iwe ya Bluetooth au ya waya, huirudisha skrini yote, na njia za mkato kama Ctrl+C na Ctrl+V hufanya kazi kama kawaida. Shule ikiweza kununua kitu kimoja tu, inunue kibodi kabla ya kava la ngozi.

Kusahihishwa kwa nguvu ni kero nyingine yenye dawa. Kibodi iliyowekwa Kiingereza huliona kila neno la Kiswahili kuwa kosa na hulibadilisha mwandishi akiwa anatazama kwingine. Gboard ya Google ina Kiswahili; kiongezeni kwenye mipangilio, na kama kibodi bado inawasumbua, zimeni kabisa usahihishaji wa kujiendesha. Hapo hapo niseme kuhusu king'ong'o, yaani ng'. Kwenye kibodi nyingi za skrini alama ya ritifaa imefichwa kwenye ukurasa wa pili wa alama, basi watu wanaona uvivu kuifuata. Nimeona majaribio ya Kiswahili, nasema ya Kiswahili, yanayomtaka mtoto aeleze faida za "ngombe". Mtoto akiandika hivyo tunamkata alama.

Basi. Hayo yote hurekebishwa kwa fedha kidogo na dakika chache.

4.0 Faili liko wapi?

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Katika miaka yote ya kuwahudumia walimu, swali ninaloulizwa kuliko mengine halihusu kuandika. Mwalimu anakuja na kishikwambi, uso umemshuka, anasema: "Mkufunzi, kazi nilifanya, lakini haipo." Naye hasemi uongo. Kazi ipo, ila hajui aliiweka wapi, na kifaa chenyewe hakimsaidii kujua.

Kompyuta ya mezani ilitufundisha kwamba faili lina nyumba. Unafungua folda, unalikuta, unalifungua kwa programu yoyote. Kwenye kishikwambi faili huonekana kana kwamba linakaa ndani ya programu. Word inaonyesha orodha yake, WhatsApp yake, Hifadhi ya Google yake, na kila moja inakupa picha kwamba nyingine hazipo. Tangu Android 10 na 11, yaani 2019 na 2020, mfumo umezidi kuibana kila programu ibaki na kabati lake, kwa sababu nzuri za usalama wa taarifa. WhatsApp nayo ilihamishia mafaili yake kwenye folda iliyozama ndani ya nyingine iitwayo Android/media. Mwalimu aliyekuwa amejifunza njia ya zamani akaikuta imefungwa, na hakuna semina iliyomweleza.

Tuchukue mkasa wa kawaida kabisa. Ofisi fulani inatuma kiolezo cha taarifa ya mwezi kwenye kundi la WhatsApp, maana ndiko walimu waliko. Mwalimu analigusa faili palepale kwenye mazungumzo, Word inalifungua, juu panatokea maandishi kwamba ni la kusoma tu. Akitaka kuhariri anaambiwa ahifadhi nakala. Anakubali bila kusoma kwa sababu ana haraka, na nakala inakwenda pengine OneDrive, pengine folda ya Documents. Anajaza jedwali zima hadi usiku. Asubuhi anarudi WhatsApp, analiona faili lenye jina lilelile pale alipoliacha, analituma. Alilotuma ni kiolezo kitupu kilichokuja jana. Nakala iliyojazwa imelala kwenye folda asiyoijua.

Anajibiwa kwenye kundi, mbele ya wenzake, kwamba hajafanya kazi. Atabishana vipi? Ushahidi uliopo unamkana. Nimeshuhudia mwalimu akiandikiwa barua ya kujieleza kwa jambo la aina hii, na nilipokaa naye tulilipata faili lake lote, limejazwa vizuri, tena kabla ya tarehe ya mwisho. Barua ilikuwa imeshaingia kwenye jalada.

Hali huwa mbaya zaidi kwa sababu ya majina. WhatsApp kwenye Android mara nyingi huhifadhi hati kwa jina la mtindo wa DOC-20230314-WA0007. Tarehe unaipata, lakini kama ni jaribio la Hisabati la darasa la tano au muhtasari wa kikao cha wazazi hujui mpaka ufungue. Faili likipakuliwa mara ya pili linapewa (1), mara ya tatu (2). Shule yenye walimu kumi na majaribio ya kila mwezi inakuwa na lundo la karatasi zisizo na vichwa, na muda uliokusudiwa kulitumia unapotea katika kulipanga.

Kisha kuna safari ya steshenari, ambayo viongozi wetu hawaipendi kusikia ikitajwa. Shule nyingi hazina printa inayofanya kazi. Mwalimu anatunga jaribio kwenye kishikwambi, analituma kwa namba ya WhatsApp ya kijana wa steshenari, kijana analifungua kwenye kompyuta yake na kulichapisha. Sizungumzii mitihani ya taifa, ambayo ina utaratibu wake madhubuti. Nazungumzia majaribio yetu ya ndani. Tangu dakika ile jaribio lipo kwenye kishikwambi cha mwalimu, kwenye simu ya kijana na kwenye kompyuta yake, na mwanafunzi mwenye kaka steshenari anaweza kuliona kabla halijafika darasani. Juu ya hilo, kama kompyuta ile haina fonti aliyotumia mwalimu, programu inaweka nyingine, jedwali linasogea, swali la tano linakatika na mchoro unaruka ukurasa. Tunamlaumu kijana. Dawa yake ni kulitoa faili kama PDF kabla ya kulituma, maana PDF hubeba fonti na mpangilio wake. Amri hiyo ipo ndani ya Word na ni ya bure.

Wanaokwepa WhatsApp kwa kutumia flashi na waya wa OTG wanakutana na lingine. Flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa NTFS wa Windows vishikwambi vingi haviisomi, na mwenye flashi anadhani imekufa. Iandaliwe kwa FAT32, itasomeka pande zote mbili. Kuiandaa upya hufuta kila kilichomo, kwa hiyo kihamisheni kwanza.

Mwisho wa mambo yanayonikera ni akaunti. Android tangu toleo la 5.1 la mwaka 2015 ina kinga: kifaa kikifutwa kwa njia isiyo ya kawaida, kinadai akaunti ya Google iliyokuwamo mwanzo. Ni kinga dhidi ya wezi. Lakini mwalimu anapohama kituo na kukabidhi kishikwambi bila kuondoa akaunti yake, aliyekipokea akijaribu kukifuta kwa kuwa hajui nywila, kifaa kinafungwa. Aliyehama yuko mkoa mwingine, nywila kaisahau, namba ya simu kabadilisha. Ninavyo vishikwambi vya namna hii kabatini, vizima kabisa. Fomu za makabidhiano nilizowahi kuziona zina nafasi ya kuandika namba ya kifaa na chaja. Sijaona yenye nafasi ya akaunti. Nimelipendekeza hili kwa njia rasmi zaidi ya mara moja, na nimejibiwa kwa heshima kwamba limepokelewa.

5.0 Mapendekezo

Kwa mwalimu mmoja mmoja: usifanye kazi juu ya faili lililo ndani ya mazungumzo ya WhatsApp. Lihifadhi kwanza kwenye folda moja uliyoitengeneza mwenyewe, ulipe jina lenye somo, darasa na mwezi, kisha ulifungue kutoka huko. Unapotuma, ambatisha kutoka kwenye folda hiyo, na lifungue tena baada ya kulituma ulitazame. Uwe na nakala ya pili nje ya kifaa, iwe flashi au Hifadhi ya Google. Google hutoa gigabaiti 15 bure, lakini Gmail na picha nazo zinakula humohumo. Mwenye picha nyingi za harusi atashangaa kazi za shule hazipandi. Hati za Google ziwekewe ruhusa ya kutumika bila intaneti mapema, bando likiwapo, wala si siku bando limekwisha.

Weka Kiswahili kwenye kibodi. Andika ng'ombe kwa ritifaa.

Kwa walimu wakuu: tengenezeni akaunti ya shule, nywila yake itunzwe ofisini kwenye bahasha iliyofungwa, na kazi za taaluma zihifadhiwe humo. Mwalimu akihama, kazi zibaki. Kabla ya kusaini makabidhiano, akaunti binafsi iondolewe kwenye kifaa mbele yenu wote wawili. Mkiwa na fedha kidogo, nunueni kibodi. Mkiwa na zaidi, nunueni printa inayopokea kazi kwa Wi-Fi moja kwa moja kutoka kwenye kishikwambi, ili jaribio lisitoke nje ya geti. Ikibidi liende steshenari, liende kama PDF kwenye flashi, mwalimu asimame palepale mpaka lichapwe, na asiondoke kabla halijafutwa kwenye kompyuta ile.

Kwa Maafisa Elimu Kata na ofisi za juu yao, nasema kwa unyenyekevu: violezo vitengenezwe vikijulikana kwamba vitajazwa kwenye skrini ndogo. Jedwali la safu kumi na nne kwa karatasi ya kulala linajazika kwenye kompyuta ya mezani tu, tena kwa mwenye subira. Kiolezo kisitumwe peke yake kwenye kundi. Kiambatane na maelezo mafupi ya namna ya kukihifadhi kwanza. Taarifa ikipokelewa tupu, mwalimu apigiwe simu kabla ya kuandikiwa barua. Fomu ya makabidhiano iongezewe mstari mmoja wa akaunti, nalirudia hilo kwa makusudi.

Kwa vyuo vya ualimu, kikiwamo changu: tunafundisha bado sehemu za kompyuta, panya na kizio kikuu cha uchakataji, na mwanachuo anafaulu, kisha anaajiriwa na kukabidhiwa kifaa ambacho hatukumfundisha faili lake linakaa wapi. Saa zitengwe za kuhifadhi, kuita faili jina, kulihamisha na kulitoa kama PDF.

Kwa waandaaji wa semina kama hii: mada ya nadharia iwe fupi na vitendo viwe virefu. Ratiba yetu ya leo imevipa vitendo nusu saa ya mwisho, baada ya chakula. Naomba Mwenyekiti aangalie kama tunaweza kuvianza mara baada ya chai. Kila mshiriki aje na kishikwambi chenye chaji, afungue taarifa yake ya mwezi uliopita, na aweze kumwonyesha jirani yake folda ilimo.