Asilimia 15 na Ninyi Mnaoanza Kazi



Wahitimu wa uhasibu na kodi, baadhi ya mliyosomeshwa mwaka wa kwanza yamekwisha kubadilika. Tangu tarehe 27 Desemba 2024, sheria ya Kenya ina kodi ya chini ya nyongeza. Inayahusu makundi ya kampuni za kimataifa yenye mapato ya kuanzia yuro milioni 750 kwa mwaka, katika angalau miaka miwili kati ya minne iliyotangulia. Kampuni ya kundi kama hilo ikilipa hapa chini ya asilimia 15 ya faida yake, inadaiwa kilichopungua.

Mtauliza, kiwango chetu si asilimia 30? Ndiyo, lakini mwekezaji aliye katika ukanda maalumu wa kiuchumi hutozwa 10 kwa miaka kumi ya mwanzo, na wa ukanda wa mauzo ya nje, kama pale Athi River, husamehewa kabisa muda huo. Oktoba 2021 nchi 136 zilikubaliana kwamba kodi iliyosamehewa namna hiyo inaweza kudaiwa na nchi yenye kampuni mama. Kenya ilikataa siku hiyo, pamoja na Nigeria, Pakistan na Sri Lanka. Kanuni za makubaliano hayo zilisonga mbele hata hivyo. Umoja wa Ulaya na Uingereza zilianza kuzitumia 2024. Maana yake ni kwamba shilingi tuliyoisamehe ili vijana wetu wapate ajira ingeweza kuishia kwenye hazina ya watu wengine, kama tusingeidai wenyewe kwanza. Jambo hili linaniuma, na ndiyo sababu nimelileta kwenu.

Hesabu yenyewe mtaiweza. Ugumu uko katika kuzipata takwimu. Chini ya kanuni hizo, zilizotungwa na OECD, yaani Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, sehemu ya mishahara na ya thamani ya mitambo na majengo huondolewa kwenye faida kabla ya nyongeza kupigwa: ilianza na asilimia 10 na 8, nayo inashuka mwaka hadi mwaka kufikia 5 kwa zote mbili. Mishahara iko kwa afisa wa rasilimali watu. Rejista ya mitambo iko kwa mhandisi wa kiwandani, ambaye hajawahi kuambiwa kwamba daftari lake ni ushahidi wa kodi. Mwendeeni mapema, kwa heshima, mkamweleze. Ritani ya kundi ina miezi 15 baada ya mwaka kufungwa, 18 kwa mara ya kwanza; muda huo huonekana mrefu hadi pale mtu anapotafuta stakabadhi ya mtambo ulionunuliwa zamani.

Na kanuni bado zinasogea. Januari 2026 ilikubaliwa kwamba makundi yenye makao makuu Marekani yanaweza kuepuka nyongeza inayodaiwa na nchi nyingine juu ya faida ya kwingineko. Nyongeza ya nchi ambako faida imepatikana, kama hii yetu, haikuguswa. Tawi la Nairobi la kampuni ya Marekani bado linadaiwa hapa, na atakayesoma kichwa cha habari peke yake atamwambia mkurugenzi wake kinyume.

Someni sheria yenyewe, kifungu kwa kifungu, kila Bunge linapopitisha mswada wa fedha. Kisha ketini na mhandisi yule tena.