Gawa kwa Tisa Kabla Hujaita Mwizi

Leo tena nazungumzia Port Bell, bandari ya Kampala kwenye Ziwa Victoria, maana ni yale yale: jioni hesabu imekataa, na kijana wa daftari ameitwa mwizi mbele ya wachuuzi wote. Mwizi! Nani amehakiki?

Chukua mauzo ya mukene, yaani dagaa, ya shilingi 1,260,000. Kijana kaandika 1,620,000. Tajiri anahesabu noti, anaona pungufu ya 360,000, anawaka. Mama, tulia kwanza! Jumlisha tarakimu za pungufu hiyo: 3 na 6 ni 9. Basi inagawanyika kwa 9 bila baki, jibu 40,000. Ile 4 ni tofauti ya 6 na 2, tarakimu zilizopishana, na sifuri nne zinakuonyesha kosa limeanzia kwenye makumi elfu. Pesa haijaibwa, kalamu imeteleza.

Kwa nini 9? Kila nafasi ni mara kumi ya ile iliyo kuliani kwake. Tarakimu ikihama nafasi moja, kumi toa moja, inabaki tisa. Hata sifuri ikidondoka, ukaandika 126,000, tofauti ni 1,134,000; gawa kwa 9, unarudi kwenye 126,000 ile ile.

Na hii tabia ya kusema “milioni na kitu”, iacheni! Kitu gani? Mwaka 1987 serikali ya Uganda ilikata sifuri mbili, shilingi 100 za zamani zikawa 1 mpya. Leo sifuri zimerudi, noti kubwa ni ya 50,000, nanyi mnaandika 1260000 bila mkato, huku mnapiga soga na vidole vina magamba ya samaki. Wekeni mkato kila tarakimu tatu, mkianzia kulia.

Kuna kijana alifukuzwa kazi kwa pungufu ya 54,000. Barafu ya 71,000 iliandikwa 17,000, basi. Gawa kwa 9: 6,000. Risiti ilikuwa ndani ya daftari lile lile, hakuna aliyelifungua.

Msinielewe vibaya: anayeiba 90,000 naye ameiba namba inayogawanyika kwa 9. Kipimo hiki hakimsafishi mtu, kinakuambia uanzie wapi kutafuta. Isipogawanyika, tafuta deni lisiloandikwa au risiti iliyorukwa.

Nanyi mnaotuma pesa kwa simu, someni namba kwa sauti kabla ya kubonyeza. Ukipisha tarakimu pale, pesa inakwenda kwa mtu usiyemjua, na kugawa kwa tisa hakutakurudishia kitu.

Tajiri, kama ulimwita kijana wa watu mwizi hadharani, na kosa likaonekana ni la kalamu, usimnong’oneze pembeni. Mwombe radhi mbele ya wachuuzi wale wale, kisha umrudishe kazini.